Kamera ya Gramu 715, Bibi wa Ilongero na Taa Nyekundu

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa filamu hapa Bongo kuna ubishi ambao haujawahi kufungwa. Mtu akiandika tu "nataka kupiga filamu ndefu, nichukue kamera gani?", basi siku hiyo hakuna kazi nyingine. Huyu atasema bila kamera kubwa ya sinema usijisumbue. Yule ataleta picha ya kamera inayoingia kwenye mkoba wa kike. Wa tatu atasema simu inatosha, wa nne ataanza kuuza ya kwake. Saa tano usiku admini anafunga grupu, asubuhi wanaanza upya.

Ubishi huo ulipanda basi ukafika mpaka Ilongero. Waliokwenda nao ni watu wawili, na majina yao yanabaki kapuni kwa sababu filamu bado iko kwenye kompyuta, na kwa sababu nyingine itakayojulikana mbele ya safari. Watatajwa kwa kazi zao tu: Dairekta na DOP.

Dairekta ni dada wa miaka 28. Kazaliwa Ilongero, akaja Dar akiwa kamaliza la saba, sasa hivi anakaa Sinza na anakula kwa video za harusi. Kama umewahi kuona video ya send-off ambayo mama wa bibi harusi analia halafu muziki unashushwa taratibu mpaka unasikia kwikwi yake, hiyo inaweza kuwa kazi ya mkono wake. DOP ni kaka wa Temeke, miaka 33, amepiga video za bongo fleva ambazo wengi mmezichezea kwenye daladala bila kujua nani alishika kamera. Wanaheshimiana. Yeye anamwita "dairekta" hata wakiwa wanakula chipsi, naye anamwita "kaka" hata akiwa amekasirika.

Filamu yenyewe ni ya bibi mzaa mama wa Dairekta. Miaka mingi nyuma, mume wake alipofariki, shemeji zake walikuja usiku kumtoa kwenye shamba. Hakutoka. Ndiyo hadithi nzima, na ukiisikia kwa bibi mwenyewe huhitaji nyongeza. Bibi sasa ana miaka 78 na alikubali kucheza mwenyewe sehemu ya uzeeni, binamu mmoja acheze ujana wake. Alitoa sharti moja: iwe nyumbani kwake, jikoni kwake, shambani kwake. Hataki nyumba ya kukodi wala bibi wa kukodi.

Kwa asiyejua, Ilongero iko kaskazini ya Singida mjini, na ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Ni nchi ya Wanyaturu: alizeti, mtama, uwele, kuku wa kienyeji wale mnaowagombania Dar, na majabali makubwa yaliyokaa kama kuna mtu aliyamwaga akasahau kurudi kuyaokota. Na upepo. Upepo wa Singida haumwombi mtu ruhusa, na kwenye stori hii nao una sehemu yake.

Hela ilikuwa milioni 22. Tisa ni za harusi, zilizowekwa kwa miaka mitatu. Nane ni za mjomba ambaye kila baada ya siku mbili alikuwa anapiga simu kuuliza "mmefikia wapi?". Tano zilitoka kwenye VICOBA ya mama yake Dairekta, maana yake kuna akina mama 25 wanaojua jina la filamu na wanajua mkopo unarudi lini. Halafu kuna saa nyingine isiyohusiana na benki: shamba la alizeti linachanua kwa wiki mbili tatu, kisha vichwa vinainama na picha uliyokuwa unaiota imekwisha. Ukikosa Machi hii, unasubiri Machi nyingine. Bibi wa miaka 78 hatakiwi kuwekewa "tutafanya mwakani".

Sasa kamera.

DOP alitaka ARRI Alexa Mini, na alikuwa na hoja. Ni kamera iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili hasa ya kupunguza uzito: mwili mtupu kilo 2.3, picha yake ngozi ya Mwafrika inaonekana kama ngozi na si kama rangi ya kiatu. Lakini hoja yake ya pili ndiyo ilikuwa ya kweli zaidi, na aliitoa siku wamechelewa kula na wamechoka. Alisema mjini hapa mteja analipa anachokiona. Ukienda kwenye kazi na kamera ndogo, hata kama inapiga vizuri kuliko macho yake, atakuuliza "kamera yenyewe iko wapi?". Ukija na libunduki la kamera lenye vijana wawili wa kulibeba, anakuletea maji ya baridi na kiti. Miaka kumi na moja amekuwa mpiga picha na bado kuna watu wanamtambulisha kama "yule kijana wa video". Filamu ndefu ya kwanza ya maisha yake aipige na kamera ile ile ya kitchen party?

Dairekta hakumjibu kwa maneno. Alichukua kikokotoo. Seti nzima kwa mtu waliyemuulizia ilikuwa laki tisa kwa siku, pamoja na msaidizi wake, maana hawakuachii hivi hivi. Siku 20 ni milioni 18. Zinabaki nne za waigizaji, chakula, mafuta, sauti, uhariri na mjomba.

Hapo wakaingia kwenye orodha ya wepesi. Blackmagic Pocket 6K Pro ya mwaka 2021: kilo moja na robo hivi, filta za ND zimo ndani, picha ghafi tamu kwa uhariri. Tatizo ni tumbo lake. Hata ukiibana, saa moja ya 6K inakula mamia ya GB, na filamu ndefu si saa moja ya kurekodi, ni arobaini au hamsini. Hesabu hardidiski, halafu hesabu nakala ya kila hardidiski. Canon C70 ya mwaka 2020: nayo haifiki kilo moja na robo, ina ND ndani, ina sehemu za kuchomeka maiki za kazi, nzuri sana, ila aliyekuwa anaiuza hakutaka kushuka bei. Sony FX3 ya mwaka 2021: gramu 715 ukishaweka betri na kadi. Rafiki wa DOP alikuwa na moja iliyotumika, anaiachia na lenzi mbili kwa milioni 11. Ukimaliza filamu, kamera inabaki yako, unarudi nayo kwenye harusi.

Mama wa VICOBA alipopigiwa simu kuelezwa alisema, "Si mpige kwa simu tu?" Wakacheka, ila mama hakuwa mbali. Sean Baker alipiga *Tangerine* ya mwaka 2015 kwa iPhone 5S, na Steven Soderbergh, mtu mwenye Oscar kabatini, alipiga *Unsane* ya mwaka 2018 kwa iPhone 7 Plus. Waliiacha simu kwa sababu moja tu: jikoni kwa bibi usiku kuna koroboi moja, na simu gizani inaanza kubuni vitu.

Watetezi wa FX3 wana silaha yao wanayoipenda: *The Creator* ya Gareth Edwards, mwaka 2023, filamu ya dola milioni 80 iliyopigwa kwa kamera hiyo hiyo. Ni kweli. Ila wanaisema kama vile kamera ndiyo ilitengeneza maroboti. Mle ndani kuna mafundi wa taa, lenzi za bei ya nyumba na jeshi la watu wa kompyuta. Kitu cha kujifunza pale ni kingine: jamaa walikuwa na hela ya kamera yoyote duniani, wakachagua ndogo ili waweze kuzunguka na kupiga kwenye mwanga uliopo.

Na hii kiu ya wepesi si ya vijana wa YouTube. Jean-Luc Godard na mpiga picha wake Raoul Coutard walipiga *À bout de souffle* ya mwaka 1960 kwa Éclair Cameflex ya mkononi, ikawaruhusu kuingia mitaani Paris kama watembeaji wengine. Gharama yake? Kamera ilikuwa inalia kama cherehani, ikabidi mazungumzo yote yaingizwe baadaye studio. Miaka ya 1970 Mfaransa Jean-Pierre Beauviala akaja na kamera za Aaton, akitaka kamera ikae begani kama paka. Huku kwetu, *Hatari!* ya John Wayne, mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika kwa vyombo vya kufungwa kwenye magari, na serikali ilipounda Tanzania Film Company mwaka 1968 filamu bado ilikuwa kitu cha taasisi, si cha mtu na rafiki yake. Bongo Movie unayoijua, ile iliyoanza kushika kasi enzi za *Girlfriend* ya mwaka 2003, isingezaliwa bila kamera za video ambazo mtu mmoja anaweza kuzibeba kwenye bodaboda. Wanaozicheka kamera ndogo wanacheka kitovu chao.

Mwisho wakakubaliana hivi: DOP ana jamaa yake anayeweza kumwazima seti kubwa siku tatu, na rafiki mwenye FX3 naye akubali iende kwanza ikajaribiwe. Ilikuwa Januari, alizeti iko magotini. Wakapakia zote mbili, wakapiga karibu kilomita 700 mpaka Singida mjini, wakaunganisha Ilongero.

Kilichotokea siku ya kwanza kinahusu mizani. Kuna mnunuzi wa alizeti jirani na kwa bibi, ana mizani ya kuning'iniza. DOP alitaka kumaliza ubishi wa uzito kisayansi. Seti kubwa ikiwa na lenzi, betri, monita na madude yake yote: kilo 11 na nusu. Haya. Ikaja zamu ya ndogo. Lakini DOP, kwa kuwa hakutaka ionekane ya harusi, alikuwa ameivalisha: keji ya chuma, reli, kizuia mwanga mbele, monita ya inchi saba, betri kubwa nyuma, vishikio viwili, risiva ya maiki, na lenzi ya Sigma ya 24-70 ambayo peke yake ina zaidi ya gramu 800, yaani imeizidi kamera. Mshale ukasimama kilo tano na gramu mia nne. Mnunuzi akauliza, "Hii ndiyo ile nyepesi?"

Dairekta akaanza kuvua. Kila kitu alichokitoa alikiweka kwenye gunia tupu. Akabakiza kamera, lenzi ndogo ya 50mm yenye gramu 186, filta na mkanda. Kilo moja. DOP akasema hapo sasa itatetemeka kama kuku wa mvua. Na hakukosea, maana uzito ndio unaotuliza mkono, na kamera nyepesi inasoma mapigo ya moyo wako. Bibi alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, hajaambiwa kitu. Akasema, "Ndoo tupu ndiyo inayocheza kichwani." DOP akamwangalia, akacheka. Jioni yake akamwomba kipande cha kitenge, akashona kifuko, akakijaza mtama kilo mbili. Kamera ikiwekwa juu ya kile kifuko, iwe ukutani, kwenye jiwe au magotini, inatulia kabisa. Ukitaka kutembea, unamwaga.

Siku ya pili walianza na kubwa. Habari zikaenda mtaa mzima kabla hata miguu mitatu haijasimama. Watoto wakaja, wazee wakaja, mjumbe akaja na swali la kibali. Bibi akaingia ndani akatoka amevaa kitenge kipya, kile cha sherehe, na kilemba. Walimwomba asonge ugali kama siku zote. Akashika mwiko, akasimama wima, akaitazama lenzi, akatulia kama anapigwa picha ya pasipoti. Saa nzima. Kila "bibi, fanya tu kama kawaida" ilizidi kumkausha. Si uoga. Alikuwa anaipa kamera heshima yake, kama unavyomkarimu mgeni. Mgeni mkubwa kaja, huwezi kusonga ugali umempa mgongo.

Usiku wakala, wakakaa jikoni. Nyumba ya jiko la bibi ni tembe la zamani, mlango unaingia umeinama, moshi unakaa juu na watu chini. DOP alikuwa na FX3 magotini juu ya kifuko cha mtama, anapima giza. Kamera hii ina ISO mbili za msingi kwenye S-Log3, 800 na 12,800. Kwenye ile ya juu, koroboi moja inatosha kukupa uso, kivuli na kuta za udongo bila chengachenga za kuudhi. Alikuwa anabonyeza, anaangalia, anabonyeza. Hakuna aliyemjali. Bibi akaanza kumkaripia mjukuu aliyeacha mlango wazi, kutoka kwenye mlango akaingia kwenye mlango mwingine, ule wa usiku wa shemeji zake. Akaeleza walivyogonga. Akaeleza alivyowakusanya watoto kwenye kona ile pale, akaionyesha kwa kidole. Alilia kidogo tu, kwa namna ya mtu ambaye hakujua kama bado yana maji. Dakika 19. Nusu Kiswahili, nusu Kinyaturu.

Alipomaliza, kimya. Kisha akaona mwanga wa kioo kidogo usoni kwa DOP.

"Ilikuwa inachukua?"

DOP akasema ndiyo, bibi. Ilikuwa inachukua.

Sasa mdau, hapa lazima kielezwe kitu kuhusu hii kamera. Ina taa nyekundu, mbele na nyuma, zinazowaka inaporekodi. Unaweza kuzizima kwenye menyu. DOP alikuwa amezizima kwa mazoea ya kazi, wapiga harusi wengi hufanya hivyo, kwa sababu watu wakiona taa wanaacha kucheza wanaanza kupozi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini ile kamera kubwa ya asubuhi, pamoja na kero zake zote, ilibisha hodi. Hii ndogo iliingia ndani, ikakaa karibu na moto, ikala na watu, na mwenye nyumba hakujua kama amepata mgeni.

Bibi hakufoka. Aliomba aione. Wakamwekea kwenye kile kioo kidogo, akaitazama yote, kisha akaomba tena, akaitazama yote mara ya pili. Akasema, "Ifuteni." Dairekta akajaribu kuongea, bibi akanyanyua kiganja. DOP akaifuta kadi palepale, bibi akiangalia mpaka kioo kikaandika hakuna picha. Halafu akaaga akaenda kulala.

Usiku ule Dairekta na DOP walikaa nje juu ya jabali mpaka saa nane. DOP, yule yule aliyetaka Alexa, ndiye aliyesema kwamba hajawahi kupiga kitu kama kile na hatapiga tena, na kwamba kamera ni ile, ubishi umekwisha. Dairekta akamwambia kaka, tatizo si kamera. Akamwambia kama ndiyo njia ya kuipata hii filamu, basi ni afadhali asiipate. Waliongea maneno mengine pia ambayo si ya kuandikwa.

Asubuhi akaenda kwa bibi. Shikamoo. Marahaba. Akakaa chini mkekani. Bibi akauliza ile taa nyekundu anayoisikia ni ipi, akaonyeshwa inavyowaka na inavyozima. Akasema: itumieni hiyo ndogo, ile kubwa irudisheni kwa wenyewe, inamaliza maji ya kuoga kwa kualika watu. Ila taa iwake. Ikiwa inawaka, najua naongea na watu. Ikiwa imezima, naongea na nyinyi.

Ndivyo walivyonunua FX3.

Machi wakarudi, watu sita, gari moja. Alizeti imechanua mpaka kwenye majabali. Jua la saa sita pale si la mchezo: ukiwa ISO 800, shata 1/50 kwa fremu 25, na unataka f/2.8 ili maua ya nyuma yayeyuke, mwanga umezidi stopu tisa. FX3 haina ND ndani, kwa hiyo filta ya kuzungusha mbele ya lenzi haikuwa pambo, na ile ya bei rahisi waliyoanza nayo ilitia msalaba mweusi angani, ikabidi waagize nyingine Dar kwa basi. Fremu 25 na shata 1/50 hawakuzigusa, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na ukicheza na hizo namba taa za dukani zinapepesa. Kwa 4K ya kawaida ya kamera ile saa moja ilikula GB 63 hivi, hardidiski mbili zikatosha, moja analala nayo Dairekta, nyingine DOP. Umeme ukikatika, kamera ilikunywa kwenye pawabenki kwa waya wa USB-C. Huo ndio wepesi ambao haupimwi kwa mizani: hawakuhitaji jenereta, kwa hiyo hawakuhitaji gari la jenereta, kwa hiyo hawakuhitaji mtu wa kulilinda.

Juni walirudi tena kwa mavuno, na hapo upepo ukadai chake. Kubadilisha lenzi nje ilikuwa kujitafutia vumbi kwenye kihisi, doa moja linakufuata filamu nzima. DOP alikuwa amejiandalia lenzi tatu nyepesi, 35mm, 50mm na 85mm, ambazo zote kwa pamoja hazifiki gramu 850, sawa na ile Sigma moja. Shambani akairudisha Sigma, akaifunga, hakuivua mpaka jua lizame. Nyepesi zikabaki za ndani. Wanaouliza grupuni "lenzi moja au tatu?" wangeuliza kwanza upepo unatoka wapi. Na sauti, Mungu awasaidie. Kamera ya kilo moja haimpunguzii mzigo mtu wa sauti hata gramu: boomu ni lile lile, manyoya ya kuzuia upepo ni yale yale, na mtazamaji wa Bongo atakusamehe picha yenye chenga ila hatakusamehe maneno yasiyosikika.

Ile sini ya usiku waliipiga tena mwezi Machi. Bibi mwenyewe alichagua siku. Taa nyekundu inawaka, yeye anapepeta mtama, anasimulia bila kunyanyua macho. Hakulia. Alipofika kwenye kugonga mlango, aligonga ungo mara tatu kwa kidole, akaendelea kupepeta. Dakika sita. DOP anasema ya kwanza ilikuwa bora. Dairekta akiulizwa, anajibu kwamba ya kwanza haipo.

Sasa, ilikuwepo.

FX3 ina sehemu mbili za kadi. Mwenye kamera wa zamani alikuwa ameiset irekodi kwenye zote mbili kwa pamoja, kama wanavyofanya watu wa harusi, kwa sababu harusi hairudiwi. Usiku ule ilifutwa kadi moja. Ya pili, kijikadi cha GB 64, DOP alikitoa siku iliyofuata kuweka kikubwa zaidi, akakitupia kwenye mfuko wa begi. Alikiona tena Juni, yuko gesti Ilongero anapanga vitu vya kurudi Dar. Akakiweka kwenye kompyuta kuona kama kina kitu. Dakika 19. Aliitazama yote, peke yake, mlango umefungwa.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuipeleka kwenye uhariri akasema "dairekta, angalia nilichokipata". Tamasha gani la filamu lingekataa zile dakika 19? Zanzibar pale kila mtu angesimama. Saa kumi na mbili asubuhi alimgongea Dairekta, akampa kadi mkononi, akamwambia ni nini. Dairekta hakuiangalia. Wakaenda wote wawili kwa bibi, wakamkuta anakamua mbuzi, wakamsubiri amalize.

DOP ndiye aliyeongea. Alieleza habari ya kadi mbili kwa mikono, hii na hii, ile ikafutwa, hii ikabaki, hakujua. Bibi alimwacha aseme mpaka mwisho. Akanyoosha mkono. Akaigeuzageuza ile kadi, akaupima udogo wake kwenye kiganja, akauliza kama yote imo humo ndani, na kama iko mahali pengine. Wakamwambia imo humo tu.

Akafungua fundo la pindo la khanga, pale anapoweka hela ya chumvi. Akaitia, akafunga fundo. Akawauliza kama wamekunywa chai.